Historia ya Nuru Isiyo na Moto

Lugha yetu imezoea kuweka nuru na moto katika nyumba moja. Taa huwashwa nayo huzimwa, kama kuni. Jua humulika na kuchoma kwa wakati mmoja. Na msafiri aonaye mwanga porini usiku hudhani mara moja kwamba kuna watu wanaota moto. Akili ya kawaida haikukosea sana katika jambo hili. Tangu zama za kale mpaka karne ya ishirini, karibu kila nuru aliyojitengenezea mwanadamu ilitoka katika kitu kilichopashwa joto hata kikang'aa. Utambi wa taa ya mafuta, mshumaa, karabai, na ule uzi mwembamba uliomo ndani ya balbu ya umeme, vyote hivyo hutoa mwanga kwa sababu ni vya moto. Na sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika hupotea kwa joto ambalo hakuna aliyelihitaji.

Sasa na tutazame kitu kidogo kinachovunja mazoea hayo. Ni kijiti cha plastiki, chenye urefu wa kiganja au zaidi kidogo, kimejaa mafuta mepesi. Ukikipinda husikia kitu kikivunjika ndani yake. Ukikitikisa hujaa nuru ya kijani, au ya manjano, au ya buluu, nayo hudumu saa nane, kumi, au zaidi. Hakina betri wala utambi. Ukikishika mkononi hakina joto. Wapiga mbizi huvifunga migongoni ili waonane chini ya maji. Askari na waokoaji hubeba vijiti hivyo mahali ambapo cheche moja ya moto ingeweza kuleta maangamizi. Na watoto huvivaa shingoni katika sherehe, na asubuhi yake huvitupa.

Nia ya insha hii ni kueleza nuru hiyo ilitoka wapi. Lakini yafaa kumwonya msomaji tangu mwanzo kwamba hii si historia ya watu walioelewa jambo kwanza kisha wakalitenda. Mara nyingi ilikuwa kinyume chake. Nuru ilionekana, ikachezewa, ikatumiwa, hata ikauzwa, na maelezo yakaja nyuma yake yakichechemea.

Mwaka 1669, katika mji wa Hamburg, Hennig Brand, mtu aliyetafuta dhahabu kama wengi wa wakati wake, alichemsha mkojo mwingi mpaka ukakauka, akayachoma masalio yake kwa moto mkali, akapata kitu kama nta kilichong'aa gizani. Dhahabu hakuipata. Alipata fosforasi, na maana ya jina hilo la Kigiriki ni mleta nuru. Kitu hicho kilipelekwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya kikaonyeshwa kama ajabu, na wote waliokiona walistaajabu kwa haki. Sababu halisi ya mng'ao wake, hata hivyo, haikufahamika mpaka mwaka 1974, R. J. van Zee na A. U. Khan walipoonyesha kwamba mvuke wa fosforasi ukikutana na oksijeni huzaa molekuli za aina mbili, za maisha mafupi mno, nazo ndizo zitoazo mwanga. Kati ya ajabu na maelezo yake ilipita miaka 305.

Kwa maoni yangu, jaribio kubwa kuliko hilo la Brand lilikuwa limekwisha kufanywa miaka miwili kabla yake, nalo halikuhitaji mkojo wala tanuri. Robert Boyle wa Uingereza alikuwa na pampu ya kunyonyea hewa. Mwaka 1667 alitia ndani ya chombo cha kioo kipande cha mti uliooza, wa namna ile ing'aayo usiku kwa ajili ya kuvu walioota ndani yake, kisha akaiondoa hewa. Nuru ikafifia hata ikatoweka. Akairudisha hewa, na nuru ikarudi. Hakutosheka na hapo. Alilinganisha mti huo na kaa la moto. Kaa lililonyimwa hewa kwa muda lilikufa lisiwake tena, lakini mti uliweza kunyimwa hewa kwa muda mrefu zaidi na bado ukang'aa uliporudishiwa. Akaona pia kwamba kaa lina joto kali, hali mti haukuwa na joto lolote la kuhisiwa.

Katika jaribio hilo moja mna karibu yote yatakayofuata. Boyle aliona kwamba nuru hii ni ndugu ya moto, maana zote mbili hula hewa. Akaona pia kwamba si moto, maana haichomi. Hakujua ni kitu gani ndani ya hewa kilichohitajiwa, kwa kuwa oksijeni haikutambuliwa mpaka miaka ya 1770. Hakujua kwamba ndani ya mti mna kuvu. Alijua tu kuuliza swali kwa njia ambayo jibu lake lisingeweza kuwa la uongo, na hiyo ni sifa ambayo watu wengi wenye elimu kuliko yake wameikosa.

Baada ya hapo nuru baridi ilikaa miaka mingi mikononi mwa wachunguzi wa viumbe. Hilo si ajabu, kwa kuwa ulimwengu umejaa viumbe vitoavyo mwanga. Kila mtoto amemfukuza kimulimuli. Wanamaji wa Bahari ya Hindi tangu zamani wamesimulia juu ya usiku ambao bahari yote hung'aa kama maziwa, na wasikilizaji wao wakawacheka. Lakini Januari 1995 meli ya Kiingereza iitwayo Lima iliandika habari hizo hizo ilipokuwa mashariki ya pwani ya Somalia, na mwaka 2005 wataalamu wakazikuta picha za setilaiti zilizoonyesha eneo la kilomita za mraba 15,400 liking'aa usiku wa siku tatu mfululizo. Nuru ile hudhaniwa kuwa ni ya vijidudu visivyohesabika.

Aliyeitoa siri ya nuru hiyo nje ya mwili wa kiumbe alikuwa Mfaransa, Raphaël Dubois. Mwaka 1885 alifanya kazi juu ya mdudu ang'aaye wa Amerika ya joto, na mwaka 1887 juu ya aina ya kombe atobaye miamba. Alisaga viungo vyenye nuru katika maji baridi, akaviacha mpaka nuru ikafa yenyewe. Akasaga vingine katika maji ya moto, na nuru hiyo nayo ikafa papo hapo. Sasa alikuwa na vikombe viwili vya giza. Maji ya kikombe cha pili yalipopoa aliyachanganya na yale ya kwanza, na nuru ikafufuka. Akafahamu kwamba vitu viwili vinahitajiana: kimoja huliwa na kwisha, nacho akakiita lusiferini, cha pili huharakisha kazi lakini huharibiwa na joto, nacho akakiita lusiferezi. Alivipa majina vitu ambavyo hakuna aliyekuwa amevitia machoni, na majina hayo hutumika hata leo. Lusiferini ya kimulimuli haikupatikana kwa chembe safi mpaka mwaka 1957, na umbo la molekuli yake likajulikana mwaka 1961.

Wakati huo huo wanakemia walikuwa wakiikaribia nuru ile ile kwa mlango mwingine. Mwaka 1877, katika mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv wa Ukraine, Bronisław Radziszewski aliona kwamba kitu kiitwacho lofini, kikitiwa katika alkoholi yenye alkali na kupitishiwa oksijeni, hung'aa kwa nuru ya manjano. Lofini haikutoka katika kiumbe chochote. Ilitengenezwa na mikono ya watu ndani ya chupa. Kwa hiyo nuru baridi haikuwa siri ya uhai. Mwaka 1888 Mjerumani Eilhard Wiedemann aliipa jambo hilo jina la elimu, akaweka mpaka ambao haujaondolewa: nuru itokanayo na joto la kitu ni jamaa moja, na nuru isiyoweza kuelezwa kwa joto lake ni jamaa nyingine, luminesensi, na ile izaliwayo na kemia akaipa jina lake peke yake.

Kisha mwaka 1928 H. O. Albrecht aliandika juu ya mng'ao wa buluu wa luminoli inapokutana na haidrojeni peroksaidi katika alkali. Chuma kilichomo katika damu huichochea kazi hiyo, na tangu mwaka 1937, Walter Specht alipolionyesha jambo hilo huko Ujerumani, wapelelezi wamekuwa wakiitumia luminoli kutafuta damu iliyooshwa ikadhaniwa imekwisha. Lakini kwa mwenye kutaka taa, luminoli ni bakhili. Katika kila molekuli 100 zinazotumika, ni moja tu hivi itoayo nuru. Zile 99 hufanya kazi yao gizani.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuulize kwa nini ubahili huu ndio kawaida. Kila siku kemia hutoa nguvu: ndani ya tumbo, ndani ya chuma kinachoshika kutu, ndani ya saruji inayokauka. Kwa nini vyote hivyo having'ai?

Elektroni za molekuli hukaa katika ngazi. Elektroni ikipewa nguvu ya kutosha hupanda ngazi ya juu, na ikirudi chini huweza kuilipa nguvu hiyo kwa chembe moja ya nuru. Ila sharti nguvu hiyo itolewe kwa mara moja. Ili nuru iwe ya kuonekana kwa jicho la mtu, yatakiwa kilojuli 170 kwa kila moli kwa rangi nyekundu, na hadi 300 hivi kwa rangi ya zambarau. Mabadiliko mengi ya kemia hutoa nguvu yake kidogo kidogo, hatua kwa hatua, na kila hatua huishia katika mtikisiko wa molekuli, ambao ndio joto. Mtu anayetaka kuruka ukuta hasaidiwi na kuruka mara kumi sehemu ya kumi ya kimo chake. Na hata ikipatikana hatua moja kubwa, molekuli iliyozaliwa katika hatua hiyo yaweza isiwe na kipaji cha kutoa nuru; itaipoteza nguvu yake kwa kutikisika tu. Katika lofini na luminoli molekuli ile ile hubebeshwa kazi mbili, ya kutoa nguvu na ya kung'aa, na ni nadra mtu mmoja kuwa mkulima hodari na mwimbaji hodari pia.

Aliyezitenganisha kazi hizo mbili alikuwa Edwin Chandross, mwanakemia kijana wa maabara ya Bell katika Murray Hill, New Jersey. Tarakilishi na simu ndizo zilizoipa maabara hiyo sifa. Nuru ya kemia haikuwa kazi yake. Chandross alifikiri hivi: kama kingepatikana kitu ambacho kikivunjika hutoa kwa pigo moja molekuli imara sana, basi tofauti ya nguvu kati ya kitu kile dhaifu na molekuli ile imara ingetoka yote pamoja. Hakuna molekuli nyingi za kaboni zilizo imara kuliko kaboni dayoksaidi, hewa ile tuitoayo puani. Akachukua oksalili kloridi, ambayo molekuli yake imebeba kaboni mbili zilizoshikana, tayari kugeuka kuwa kaboni dayoksaidi mbili. Akaichanganya na haidrojeni peroksaidi. Na ndani yake akatia kidogo rangi yenye tabia ya kung'aa, kama difenili-anthrasini. Nuru ya buluu ikatokea. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1963, katika makala mafupi.

Ufupi wa makala yale usimdanganye mtu. Oksalili kloridi haing'ai, wala peroksaidi haing'ai, na kaboni dayoksaidi iliyozaliwa haing'ai. Kilichong'aa ni rangi, na rangi haikuliwa. Ilipokea nguvu kutoka kwa wengine, ikaitoa kwa namna ya nuru, ikawa tayari kupokea tena. Ndiyo maana kijiti kilichokufa, ukikiweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, huweza kung'aa tena: mng'azaji yu hai bado, ila chakula chake kimekwisha. Na ndiyo maana mtengenezaji akitaka nuru ya rangi nyingine hana haja ya kubuni kemia mpya. Difenili-anthrasini hutoa buluu. Ndugu yake aliyeongezewa mikono miwili ya asetilini hutoa kijani. Rubreni hutoa manjano ya kuelekea chungwa. Mapishi yaliyobaki ni yale yale.

Hata hivyo nuru ya Chandross ilikuwa ndogo mno. Katika molekuli 1,000 zilizotumika ni moja hivi iliyoleta mwanga, pungufu hata kuliko luminoli. Kwa kipimo hicho peke yake mtu mwenye haraka angelitupa jambo hili. Tena oksalili kloridi ni kitu kikali, hutoa mvuke wenye kudhuru mapafu, na hakifai kukaa karibu na mtoto wala askari.

Makala yalisomwa na Michael Rauhut na wenzake wa kampuni ya American Cyanamid, huko Stamford, Connecticut, waliokuwa wakiitafuta nuru ya kemia kwa msaada wa fedha za jeshi la majini la Marekani. Sifa ya Rauhut ni sifa ya uvumilivu. Aliona kwamba kosa si katika wazo bali katika kiungo, akaiacha kloridi na kujaribu esta za asidi ya oksaliki, moja baada ya nyingine, akizifunga kwenye fenoli zilizobeba klorini au vikundi vya naitro, ili ziachie upesi zinapoguswa na peroksaidi. Mwaka 1967 kundi lake lilichapisha habari za esta zilizofikisha nuru kwenye molekuli 23 katika 100. Kutoka moja katika 1,000 hadi 23 katika 100 ni safari ya zaidi ya mara mia mbili, na iliendwa kwa muda wa miaka minne tu. Kwa kulinganisha, vitabu viliandika kwa miaka mingi kwamba kimulimuli hufikisha 88 katika 100. Wataalamu wa Kijapani walipopima upya mwaka 2008 walipata 41 tu. Kazi ya Stamford, basi, haikuwa mbali sana na ya mdudu kama ilivyodhaniwa.

Katika miaka ya 1970 kijiti kilikuwa sokoni kwa jina la Cyalume. Ndani ya plastiki mna esta na rangi, vimeyeyushwa katika mafuta. Ndani ya mafuta hayo mna kineli chembamba cha kioo chenye peroksaidi na kichocheo kidogo, kama chumvi ya salisilati. Mlio usikikao kijiti kinapopindwa ni mlio wa kioo hicho kinachovunjika. Yaliyobaki ni kazi ya joto la nje: ukikiweka kijiti katika maji ya moto hung'aa sana na kufa mapema, na ukikiweka katika friji hufifia lakini huishi siku ya pili.

Lakini ni nini hasa kinachotokea katikati, baada ya esta kuguswa na peroksaidi na kabla ya rangi kung'aa? Rauhut alidhani kwamba huzaliwa pete ndogo ya kaboni mbili na oksijeni mbili, imekazwa kama upinde uliovutwa, yenye oksijeni nyingine mbili pembeni, ndiyo diokisetani-dioni. Pete hiyo hukutana na molekuli ya rangi, hukopa kwake elektroni moja, huvunjika kuwa kaboni dayoksaidi mbili, na elektroni ikirudishwa kwa mwenyewe hufika katika ngazi ya juu badala ya ya chini. Sehemu hiyo ya mkopo ilipendekezwa na Gary Schuster na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1970, nayo inaeleza vizuri kwa nini rangi zitoazo elektroni kwa urahisi, kama rubreni, hung'aa kuliko nyingine. Ila pete yenyewe hakuna aliyeikamata. Ilitafutwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengine wakabuni molekuli nyingine za kushika nafasi yake. Mwaka 2004 watafiti walioufanya mchanganyiko huo katika baridi kali walitangaza kwamba wameiona alama yake katika kipimo cha sumaku cha kiini cha kaboni, na tangu hapo wengi wameikubali. Vijiti vyenyewe vilikuwa vimeuzwa kwa mamilioni wakati huo wote, wala hakuna hata kimoja kilichongojea jibu.

Wakosoaji wapo watakaosema kwamba kwa mnunuzi jambo hili halina maana, maana kijiti hung'aa vile vile. Mimi nasema lina maana, kwa sababu mtu hujua vizuri kilichomo ndani ya kitu kwa kadiri anavyojua kazi yake, na yaliyomo ndani ya kijiti hayaishi nuru inapokwisha. Hubaki mafuta ya falati, peroksaidi isiyotumika, na zile fenoli zenye klorini zilizoachiwa na esta.

Wavuvi wa mishipi mirefu, hata hapa katika Bahari ya Hindi mashua za Réunion na Shelisheli, huvifunga vijiti karibu na chambo ili kuwavuta nduaro wanaowinda usiku. Vingi hupotea baharini. Watafiti wa Brazil waliokagua pwani ya jimbo la Bahia walivikuta kwa wingi vimeletwa mchangani na mawimbi, plastiki yake bado nzima na mafuta yake bado ndani. Wakawakuta pia wakazi wa vijiji vya pwani wakiviokota, wakivikata, na kujipaka mafuta yale mwilini, wengine wakiamini kuwa ni dawa ya maumivu ya viungo, na wengine wakiyatumia kama mafuta ya juani.